Meli Haizami Kabla Hatujapanda

Mfyuu! Nimeanza kusonya juzi usiku, na asubuhi hii nimekaa kijiweni na kikombe cha kahawa mkononi, bado nasonya. Watu wazima tumelipa kiingilio, tumebanana kwenye mabenchi ya banda la video, tunangoja Titanic. Mwenye banda anaweka picha, anaiacha kama dakika kumi, halafu anashika rimoti na kuirusha mbele moja kwa moja mpaka kwenye barafu. Zaidi ya saa nzima ya picha ikapita mbele ya macho yetu hivi hivi. "Wazee wangu, saa nne kuna mpira," anasema. "Na nyie mmekuja kuona meli ikizama. Si ndiyo hiyo? Inazama."

Ikazama kweli. Banda zima likaitazama kama mtu anavyotazama ndoo iliyokatika kamba kisimani. Watu wanamenya karanga, mmoja anauliza yule dada mwenye nywele nyekundu ni nani, mwenzake anamjibu ni demu wa steringi, basi, yamekwisha. Meli ilipokatika vipande viwili kuna waliopiga makofi. Makofi! Nikanyanyuka nikatoka. Nje mbalamwezi ilikuwa imelala juu ya ziwa lote.

Kijiwe chetu hapa Nansio, kisiwani Ukerewe, kiko kwenye njia ya kushukia gatini, na wiki hii kimefurika. Wanaojua mambo ya ziwa wanaelewa kwa nini. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza, taa ndiyo inayowavuta, na mwezi ukishakuwa mkubwa taa inapoteza nguvu. Basi mbalamwezi ikiingia nyavu zinaanikwa, mitumbwi inapandishwa mwaloni, na vijana wenye vijisenti mfukoni na usiku mzima usio na kazi wanajaa kwenye mabanda. Ndiyo maana nasema kama kuna mahali picha ya saa tatu ingepaswa kupewa heshima yake, ni Nansio wakati wa mbalamwezi. Hawa watu wana muda. Juzi walinyimwa picha huku muda wanao.

Lakini ubishi ulipowaka, wa kwanza kumtetea mwenye banda alikuwa kijana mmoja wa bodaboda anayengoja abiria wa meli ya Mwanza.

"Mzee wangu, shikamoo, lakini mnamlaumu bure. Picha ndefu vile ya nini? Mtu unataka kuona meli inazama, wanakuonyesha kwanza watu wanakula kwa uma na kisu, mabibi wanabadilisha kofia, jamaa anachora. Mpira ni dakika tisini na dunia nzima inatosheka. Commando mnaikumbuka? Schwarzenegger, dakika tisini tu. Mtoto kaibwa, baba kakasirika, silaha zimebebwa, kisiwa kimefyekwa, mtoto karudi. Unakwenda kulala na usingizi wako wote."

Wenzake wakamshangilia. Na mimi sitaki kumdhulumu: Commando, ya mwaka 1985, ni picha iliyokaa sawasawa. Ina jambo moja la kusema, inalisema, inafunga duka. Mabanda yote ya ziwa hili yamelelewa na picha za namna hiyo. Tatizo langu ni pale mtu anapoichukua Commando na kuifanya rula ya kupimia kila kitu.

Aliyemjibu ni mama anayetuuzia mihogo ya kuchemsha, ambaye kwa kawaida hutuacha tubishane mpaka tuchoke. "Wee mwanangu," alisema bila kunyanyua macho kwenye sufuria, "saa tatu ni nyingi kwako? Ile Jumong ya Wakorea, nani alikuwa anakesha nayo mpaka mkewe akaja kuniuliza mimi kama nimemwona?" Kijiwe kikalipuka kwa kicheko. Jumong ina vipande 81, na kila kimoja kinakaribia saa nzima. Wapo hapa walioimaliza ndani ya mbalamwezi moja, macho mekundu kama waliotoka ziwani. Halafu mtu huyo huyo anakwambia hana saa tatu na robo za Titanic. Mfyuu!

Yule kijana alijitetea vizuri, lazima niseme. Sizoni, alisema, inakupa ruhusa ya kuondoka. Ukichoka unazima, kesho unaendelea. Picha ndefu inakushika shati. Hapo ana hoja. Mimi nasema huko kushikwa shati ndiko kulikonipeleka bandani.

Mwalimu wetu mstaafu, ambaye alikuwa amenyamaza muda wote akipuliza kahawa yake, akaanza kuhadithia Sholay. Aliiona Mwanza mjini akiwa kijana, enzi za majumba ya sinema, picha ya Kihindi ya mwaka 1975 yenye urefu wa saa tatu na zaidi. Katikati taa zinawashwa, watu wanatoka kunywa soda na kubishana juu ya nusu ya kwanza, kengele inalia, mnarudi. Wahindi walijua kwamba binadamu ana kibofu na ana njaa, wakaweka mapumziko ndani ya picha yenyewe. Hawakumkata steringi ili umuwahi muuza soda.

"Ile sarafu mnaikumbuka?" Mwalimu akauliza. Wachache waliitika. Amitabh Bachchan na Dharmendra ni majambazi wawili walioajiriwa kumkamata Gabbar Singh, na kila wakitaka kuamua jambo Amitabh anarusha sarafu. Anairusha mapema, watu wanacheka. Anairusha tena. Mwishoni kabisa, kwenye daraja, anairusha ili kuamua nani abaki kupambana na nani aondoke, na anabaki yeye. Anakufa. Rafiki yake anaiokota sarafu, anaigeuza, anakuta pande zote mbili zina sura moja. Kumbe tangu mwanzo hapakuwa na kura. Kila mara jamaa alikuwa ameshaamua mwenyewe, na mara ya mwisho aliamua kufa yeye.

"Sasa," Mwalimu alisema, "niambieni, mwenye banda akiirusha mbele hiyo picha, sarafu ile ina maana gani? Ni chuma tu."

Nilimtazama yule wa bodaboda. Hakujibu. Na Mwalimu hakugusia yale ninayoyapenda mimi zaidi kwenye Sholay, zile jioni ambapo Amitabh anakaa barazani anapuliza kinanda cha mdomo, na kule ng'ambo mjane anazima taa moja baada ya nyingine. Hawasemi neno. Mtu wa rimoti akifika hapo anaona hakuna kinachotokea. Ni mapenzi yanayotokea, kwa kasi ambayo mapenzi ya mjane wa kijijini yanaweza kutokea.

Kijana wa kuingiza muvi kwenye flashi, ambaye duka lake liko hatua chache kutoka hapa na anajua nani anaangalia nini katika mji mzima, alileta jambo ambalo wengi hawalitenganishi. Alisema kuna picha ndefu na kuna picha iliyorefushwa. Akataja muvi zetu za Bongo za enzi za DVD, zile zilizouzwa sehemu ya kwanza na ya pili. Hadithi ya saa moja na nusu inavutwa ili ziuzwe sahani mbili: gari linafika getini, linapiga honi, mlinzi anakuja taratibu, geti linafunguliwa, gari linaingia, geti linafungwa, mtu anashuka, anapanda ngazi, na wewe bado hujaambiwa chochote. Enzi zile za mwigizaji Kanumba tulizipenda picha zetu, na kifo chake Aprili 2012 kilitikisa nyumba nyingi huku Kanda ya Ziwa, kwa kuwa alikuwa mzaliwa wa Shinyanga, jirani yetu. Lakini geti ni geti. Watu waliochoshwa na geti ndio leo wanaoogopa kila picha inayozidi saa mbili, wakidhani humo ndani kuna geti lingine.

Nakubaliana naye mia kwa mia. Unga wa bakuli moja ukiutia maji ya pipa, hicho si chakula cha watu wengi, ni maji machafu. Kipimo changu mimi ni kimoja: toa hiyo sehemu unayoiona inachosha, kisha angalia kama mwisho bado unauma. Ukitoa geti hakipungui kitu. Ukitoa kinanda cha mdomo, Amitabh anakufa bure.

Kuna wanaosema dawa ya picha ndefu ni mtafsiri. Tuliokua na mikanda ya VHS tuliisikia sauti ya Lufufu ikitusimulia picha kwa Kiswahili, Wakenya wana DJ Afro wao, na ng'ambo ya ziwa hili Waganda wana VJ Jingo na wenzake. Mtafsiri mzuri ni mwalimu. Anakwambia huyu ni nani, anamtaka nani, mbona kakasirika, na bibi asiyejua Kizungu anaifuata picha ya saa tatu bila kupotea. Nawaheshimu kwa moyo wote. Wamewafungulia mamilioni ya watu mlango ambao hakuna aliyekuwa na mpango wa kuwafungulia. Ninachowaomba ni kwamba picha ikinyamaza, nao wanyamaze kidogo. Kuna mahali uso wa mtu unatosha.

Sasa nirudi kwenye Titanic, kwa sababu nilichosonyea juzi si pesa ya kiingilio.

Sisi watu wa Ukerewe hatuhitaji kuonyeshwa meli ikizama. Tarehe 21 Mei 1996 ilizama MV Bukoba ikiwa imekaribia Mwanza, na mamia ya watu wakaenda nayo. Tarehe 20 Septemba 2018, Alhamisi, kilipinduka kivuko cha MV Nyerere hapa hapa kwetu, kikitoka Bugolora kwenda Ukara, kikiwa kimeshafika karibu kabisa na gati la Bwisya. Kiliruhusiwa kubeba abiria 101. Waliokufa walizidi 220, waliookolewa wakiwa hai walikuwa 41. Ilikuwa siku ya gulio Bugolora, watu wanarudi nyumbani na mizigo yao.

Nakumbuka siku zile tulivyokaa na redio. Redio ilikuwa inasoma namba, na namba ilikuwa inapanda. Mtu aliyeko mbali alisikia namba, akasikitika, akaendelea na chakula chake, na simlaumu, angefanya nini? Lakini mtu wa Ukara hakusikia namba. Yeye alijua nani alivuka asubuhi kwenda kuuza nini, nani alikwenda kumnunulia mtoto sare za shule, nani alisema leo siendi halafu akaenda. Alikuwa na gulio lote kichwani kabla kivuko hakijapinduka.

Saa ile aliyoirusha mwenye banda ndilo gulio la Bugolora.

Hilo ndilo jambo lenyewe. Cameron, mtengenezaji wa ile picha ya mwaka 1997, anakupandisha melini kwanza. Anakupitisha kwa matajiri juu na kwa maskini chini wanakocheza ngoma, anakufahamisha yule mzee aliyeiunda meli, wapiga muziki, mama wa daraja la tatu na watoto wake. Inapita zaidi ya saa moja na nusu kabla barafu haijaonekana. Halafu anazamisha taratibu, maana meli yenyewe, usiku wa Aprili 1912, ilichukua saa mbili na dakika arobaini tangu kugonga hadi kuzama, na watu kama 1,500 walikufa. Yule mama anawasimulia watoto hadithi ili walale kabla maji hayajafika. Wazee wawili wamekumbatiana kitandani. Bandani juzi matukio hayo yalipita na mtu anauliza karanga ni shilingi ngapi. Sikuwachukia waliopiga makofi. Waliletewa watu wasiowajua, wakaletewa namba yenye picha.

Mara ya kwanza kuiona yote, mimi niliiona Mwanza, kwa mjomba wangu, miaka michache baada ya MV Bukoba. Ilikuja kwenye kaseti mbili. Shangazi alikuwa amempoteza dada yake kwenye meli ile, na hatukujua kama atakaa. Alikaa. Kaseti ya kwanza ilipoisha na mjomba anahangaika kutoa moja na kuingiza nyingine, hakuna aliyesema kitu, tukasikia tu deki ikiguruma. Picha ilipokwisha shangazi alitutajia vitu ambavyo hatukuwahi kumsikia akivitaja tangu msiba: dada yake alikuwa amevaa nini siku ile, alikuwa amebeba nini, walitaniana nini wakiagana. Alizungumza mpaka usiku sana. Sidhani picha ya dakika tisini ingempa nafasi hiyo.

Nilipoyasema hayo kijiweni watu walitulia. Yule wa bodaboda akainamisha kichwa, kisha akaniambia kwa upole, "Lakini mzee, hiyo ni meli ya Wazungu." Na hapo alinigusa mahali penyewe.

Ziwa letu limeshaingia kwenye sinema, ndiyo. Mwaka 2004 Hubert Sauper wa Austria alitoa Darwin's Nightmare, iliyopigwa Mwanza, habari za sangara na ndege za mizigo. Ikasifiwa Ulaya, ikaudhi watu wengi hapa nchini, na mwaka 2006 Rais Kikwete mwenyewe aliikemea hadharani. Haikufika hata saa mbili. Watu wa ziwa wakaonyeshwa mle kama watu wasiokuwa na jana wala mababu.

Na kisiwa hiki kina hadithi ndefu kuliko zote nilizozitaja. Aniceti Kitereza, aliyezaliwa Ukerewe mwaka 1896, aliandika kwa Kikerewe habari za Bwana Myombekere na mkewe Bugonoka, na za watoto wao Ntulanalwo na Bulihwali. Alimaliza mwaka 1945. Hakupata wa kukichapa kitabu hicho kwa lugha yake. Akakaa akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na kikatoka mwaka 1980, Tanzania Publishing House, kurasa zaidi ya 600. Miaka thelathini na mitano ya kungoja, na mwaka uliofuata akafariki. Mwaka 2002 mwana Ukerewe mwingine, Gabriel Ruhumbika, akakitoa kwa Kiingereza.

"Kuna kupigana?" aliuliza mmoja wa wavuvi.

Mwalimu akamwambia hakuna vita. Kuna mwanaume anayempenda mkewe, na hawajapata mtoto. Ndugu wa mume wanamsimanga mwanamke, wazazi wake wanakuja kumchukua, na mume anabaki peke yake kwenye nyumba isiyo na moto jikoni. Anakwenda ukweni kuomba. Ukweni wanamtoza faini ya pombe. Na Kitereza anakueleza pombe ile inavyotengenezwa, tangu ndizi mpaka kibuyu, nani anasaidia, nani anaonja, inabebwaje. Mtu wa rimoti angefika hapo angebonyeza. Lakini yule bwana yumo ndani ya kazi ile yote, kila ndizi anayoimenya anammenyea Bugonoka, na ukifika naye ukweni na vibuyu vyako umechoka kama yeye na unamtaka mkewe arudi kama yeye. Filamu yake ingehitaji saa nne, na ningekaa zote.

Mandhari ipo tayari. Vilima vya Handebezyo vipo, mialo ipo, jiwe linalocheza la Ukara lipo, na wazee wanaojua nyumba za zamani zilivyojengwa bado wapo, ingawa wanapungua. Nawaambia watengenezaji filamu wa Dar es Salaam na wa Mwanza: meli ya kutoka Mwanza hadi hapa inachukua kama saa tatu, urefu wa Titanic, na sijawahi kumsikia abiria akimwomba nahodha airushe mbele. Njooni.

Kabla meli haijapiga honi na vijana wa bodaboda hawajatimka, niliuliza nani kijiweni ana kitabu hicho. Mwalimu alikuwa nacho zamani, kikaazimwa, hakikurudi. Wengine kumi na mmoja, mimi nikiwemo, hatuna. Watu wa Nansio, kwenye kisiwa cha Kitereza. Yule wa bodaboda ndiye aliyeuliza kinapatikana wapi, na sikuwa na jibu la kumpa.

Basi wewe unayesoma hapa, kama una nakala ya Myombekere kabatini, iwe ya mzee wako au ya chuo ulichosoma, tuazimishe. Mbalamwezi nyingine ni mwezi ujao, wavuvi watakuwa nchi kavu, na mwenye banda amekubali kutupa jioni moja isiyo na mpira tukisome kwa sauti, kuanzia ukurasa wa kwanza.